Asiambiwe Kabla Hajala

Mjomba Zakayo alifariki mwezi uliopita, na mimi niliambiwa kwa simu nikiwa sijala. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu hapa Ngara, Nairobi, sufuria ya uji mkononi, na aliyepiga hakumaliza hata salamu. Alisema tu kwamba mzee ametuacha na tunakutana kwake mtaa wa Jamhuri jioni. Niliweka sufuria chini nikacheka, kicheko kilichonishangaza mwenyewe, kwa sababu mzee huyo ndiye aliyenifundisha kwamba mtu haambiwi kifo kwa simu wala haambiwi akiwa na njaa. Watu wake walikuwa wamevunja sheria yake kabla mwili haujapoa. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Alikuwa mjomba wa rafiki yangu Minayo, kaka wa mama yake, nami nilimwita mjomba kwa kuwa nilikula sana kwake mwaka ule ninaotaka kuusimulia, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na Minayo akaenda Ujerumani kwa miezi mitatu.

Wakati huo mimi na Minayo tulikaa Jamhuri, chumba kimoja cha uani nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Kilikuwa na vitanda viwili, dirisha moja lililotazama kamba za nguo, na stovu ya mafuta ya taa tuliyoiwasha mlangoni ili moshi usituchome macho. Minayo alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimeacha masomo kwa sababu ambazo hazihusiani na habari hii, na nilifanya kazi Ngara, katika saiba iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya maduka ya jumla ya sabuni na peremende. Vijana wa leo hawajui saiba ilikuwa nini. Ilikuwa chumba chenye kompyuta sita na feni moja, watu wakisoma barua pepe zao kwa zamu, na wale wasiojua kutumia mashine walikaa kando yangu wakasema, nami nikaandika. Niliandika barua za kuomba kazi, barua za kuomba radhi, barua za wachumba waliokuwa Uarabuni. Na nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao sijapona hadi leo, ugonjwa wa kurekebisha. Mtu akisema ovyo ovyo, mimi niliandika vizuri. Nilidhani huko ndiko kumhudumia.

Chuo cha Minayo kilikuwa na uhusiano na chuo kimoja cha Ujerumani, na mwaka ule wakamchukua kwenda kusoma huko majira yao ya joto. Asubuhi ya safari tulipitia Lavington kumuaga mama yake. Mama Minayo alikuwa mpishi huko, katika nyumba yenye ukuta mrefu na mparachichi ulioangusha matunda juu ya mabati ya chumba chake. Alikuwa mwanamke mfupi, miguu imevimba kwa kusimama, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu uiname kuisikia. Minayo alimpima mguu kwa uzi wa kushonea, akaukata, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wake kama bangili. Alisema atamletea viatu vya ngozi, visivyo na kisigino. Kisha Mama akamvuta kando ya geti, wakasimama wawili karibu na kibanda cha askari. Mimi nilikuwa nimeshika begi na sikusikia alichoambiwa. Niliona tu Minayo akiitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu, kama mtoto anayetumwa dukani na kuambiwa asisahau.

Mama hakuwa na simu, na Minayo hakuweza kupiga kutoka kule mara kwa mara, kwa hiyo walitegemea barua pepe, na barua pepe ilikuwa mimi. Kila Jumamosi alasiri Mama Minayo alipata ruhusa akaja Ngara. Alivaa kofia ya sufu kwa sababu Julai ya Nairobi haina huruma, na kwenye mfuko alikuwa na maparachichi mawili, moja langu na moja la mwenye saiba. Alikaa, akapakata mkoba wake, akaielekea kompyuta. Hakuzungumza na mimi, alizungumza na ile mashine, kama mtu anayesemezana na jirani kupitia dirishani. Alisimulia kwamba mbwa wa tajiri wake anakataa chakula akipewa na mtu mwingine, anamngoja yeye. Alisimulia kwamba parachichi liliangukia mabati alfajiri akadhani ni mwizi, akaketi kitandani na mwiko mkononi mpaka kukapambazuka vizuri. Na kila mara, bila kukosa, alimaliza kwa kuniagiza nimuulize mtoto amekula nini, na asimdanganye.

Nami niliandika: Mpendwa binti yangu, ni matumaini yangu kwamba u buheri wa afya na lishe yako ni bora. Mbwa sikumtia. Mwizi sikumtia. Mwiko ndio kabisa. Kisha nilimsomea Mama nilichoandika, akakisikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza tangazo la serikali, na mwisho akasema hicho ni Kiswahili safi, yeye hangeweza. Nilivimba kichwa kwa sifa hizo. Nikikumbuka sasa naona aibu, kwa sababu mwanamke yule alitembea na miguu ile akapanda ghorofa mbili ili aseme na mwanawe, na mimi nikamnyang'anya maneno kila Jumamosi na kuweka yangu, naye akaniletea parachichi.

Majibu ya Minayo yalifika katikati ya wiki, nami nilimsomea Mama Jumamosi kabla hajaanza kusema yake. Alikuwa amepangishwa kwa mjane mmoja mzee aitwaye Bibi Gerda, katika chumba kilichokuwa chini ya paa kabisa, dirisha likiwa juu kwenye dari badala ya ukutani, hivi kwamba alilala akitazama mbingu. Aliandika kwamba jua halikuzama mpaka saa tatu, na kwamba jioni watu hawakupika. Walikata mkate, wakakata jibini, wakakata nyama baridi, wakakaa mezani wakala, na hicho ndicho kilikuwa chakula cha jioni. Mama alinisimamisha hapo. Aliuliza kama huo mkate waliupasha. Nikasema barua haijasema. Kisha akauliza huyo Bibi Gerda ana watu wa kumpikia ama ameachwa tu. Hilo nalo sikuliandika kwenye jibu.

Zikiwa zimebaki wiki mbili Minayo arudi, Mama Minayo alianguka jikoni kule Lavington akikaanga vitunguu. Ilikuwa presha. Tajiri mwenyewe alimpeleka hospitalini kwa gari lake, tena kiti cha mbele, na hilo la kiti cha mbele lilisemwa sana kanisani baadaye. Nilimwona mara moja tu, Jumatatu. Mdomo wake ulikuwa umelala upande mmoja na maneno hayakutoka, lakini alinitambua. Aliinua mkono wa kushoto akachezesha vidole juu ya blanketi, kama mtu anayepiga chapa. Sikujua kama alikuwa ananiambia nimwandikie Minayo au nisimwandikie. Nilisema, "Sawa, Mama," kwa kuwa ndilo jibu nililokuwa nalo, akashusha mkono. Jumanne asubuhi akafariki.

Jumatano tulikutana sebuleni kwa Mjomba Zakayo, Jamhuri. Mjomba alikuwa karani wa stoo, mzee wa kanisa, mtu wa kupanga mambo. Viti vyake vilivikwa vitambaa vya kufumwa vyeupe ambavyo hukuruhusiwa kuviegemea, kwa hiyo tuliketi wote tumenyooka kama tunapigwa picha, chai mkononi, na swali likawa moja: mtoto aambiwe au asiambiwe? Mama mmoja wa kanisani alisema aambiwe, kwamba huyo si mtoto tena, ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walimtazama Mjomba.

"Huyo mtoto ako na mtihani wiki ijayo," Mjomba alisema. "Tukimwambia sahi, nani atamshika huko? Huyo bibi wa mkate? Mtu haambiwi kifo kwa simu. Na haambiwi akiwa na njaa. Atakuja, tutampatia chakula, ashibe kabisa, halafu mimi mwenyewe nitamwambia."

Siku hizi nasikia vijana wakiuita mtindo huo ukatili, kwamba kila mtu ana haki ya kujua dakika hiyo hiyo. Sina hakika. Kwetu pia ilikuwa hivyo, mtu aliitwa nyumbani kwa kisingizio cha ng'ombe au shamba, akapewa chai na viazi, na mkubwa mmoja akasubiri mpaka kikombe kiwe kitupu ndipo akakohoa. Aliyefikiria jambo hilo alijua kwamba baada ya habari ile mtu hatakula kwa siku mbili, na kwamba mwenye kuzika anahitaji miguu ya kusimamia. Mimi sikupinga sebuleni pale. Nilikunywa chai yangu, nikakubali pamoja na wenzangu.

Alhamisi nikafungua barua pepe kazini nikakuta ya Minayo. Ilikuwa fupi kuliko kawaida. Chuo kilimpa nafasi ya kubaki mwaka mzima, masomo yangelipiwa, na Bibi Gerda alisema chumba cha juu ni chake akikitaka. Alitakiwa kujibu kabla ya Jumatatu. Aliandika: "Mama, ukisema nikae, nitakaa. Ukisema nirudi, nitarudi. Lakini niambie kwa maneno yako mwenyewe. Njoki asirembeshe."

Nilisoma mstari huo wa mwisho, wenye jina langu, mara nyingi. Kumbe alijua. Wiki zote zile alikuwa akinisoma mimi na kumtafuta mama yake ndani ya maneno yangu, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nilichapa barua hiyo nikaipeleka Jamhuri jioni. Mjomba aliisoma akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, akaikunja akaniambia niandike arudi. Nilimwambia Mama hayupo tena, hawezi kujibu. Nilimwambia labda tungempigia tu mtoto tukamwambia ukweli, achague mwenyewe. Sikumwambia kwa nguvu. Nilikuwa msichana wa kupanga kwenye chumba cha uani, na yeye alikuwa mzee wa kanisa aliyetoka mochari.

"Mama yake hawezi kaa huko ndani mwaka mzima akingoja," alisema. "Na hatuzikwi bila watoto wetu. Wewe si ndio ulikuwa mkono yake? Basi andika."

Niliandika Jumamosi alasiri, saa ile ile aliyozoea kuja. Niliweka mkoba wangu kwenye kiti chake ili mteja asikikalie. Nilianza na mpendwa binti yangu, nikafuta. Nilianza na ni matumaini yangu, nikafuta. Kisha nikafumba macho nikamsikiliza, na nilipoacha kumrekebisha alikuja upesi, hata vidole vyangu vikachelewa. Niliandika hivi: "Minayo. Hii mbwa bado inanisumbua, ikipewa chakula na mtu mwingine inageuza kichwa. Avokado zimeanguka nyingi, moja imenitoa usingizi nikashika mwiko nikidhani ni mwizi. Miguu ni ile ile. Viatu visikuwe na kisigino. Huyo Bibi Gerda ako na watu ama ameachwa tu? Umekula nini? Usinidanganye, hiyo mkate baridi si chakula." Hapo nikasimama. Kila neno lilikuwa lake, nilikuwa nimeyatoa kwenye wiki zote nilizoyatupa. Kisha nikaongeza la Mjomba: "Rudi nyumbani mwanangu, nimezeeka, nataka kukuona." Nikaituma. Nililia pale pale mbele ya wateja, bila kujificha, na mtu wa kompyuta ya nne akaniuliza kama ni kazi nimenyimwa.

Jumatatu nikakuta jibu. Lilikuwa na maneno mawili: "Sawa. Nakuja." Nilishukuru kwamba limekuwa rahisi hivyo. Halafu Jumamosi ikaja barua nyingine, ndefu, hii ikiwa imeandikwa kwangu mimi, ndiyo niliyoitunza miaka yote hii. Alisema mtihani ameufanya na ameupita. Alisema amesafisha chumba cha juu, na alipopanda kiti kupangusa lile dirisha la darini akaona mto, mto mzima na daraja lake, uliokuwa pale miezi mitatu na hakuujua kwa sababu hakuwahi kupanda kiti. Amerudisha baiskeli ya jirani. Amefua shuka. Alimwambia Bibi Gerda kwamba kwao mtu haagwi kwa chakula baridi, basi yule mama akapasha kila kitu kilichokuwa mezani, viazi, nyama, hata kachumbari yao akaitia moto ikanywea, na wote wawili wakaila hivyo hivyo mpaka ikaisha. Alisema siku ya mwisho Bibi Gerda alikaa kwenye ngazi, ya tatu kutoka juu, akamtazama akifunga begi bila kusema neno, na yeye pia hakusema, na kwamba hajawahi kukaa na mtu vizuri kama alivyokaa na yule bibi asubuhi hiyo. Kuhusu Mama hakuandika chochote. Kuhusu viatu pia hakuandika. Nililiona hilo na nikafurahi, maana sikutaka kutunga tena.

Alifika Jumapili asubuhi. Mjomba aliazima gari la kanisa na akina mama waliimba pale uwanja wa ndege kama kawaida ya kumpokea msafiri, ingawa sauti zao zilikuwa za watu waliolia wiki mbili. Minayo alitoka amekonda kidogo, na uzi ulikuwa bado mkononi. Tulikuwa na jibu tayari. Akiuliza Mama yuko wapi, tuseme tajiri ana wageni, atapata ruhusa saa nane. Mjomba alitusomesha jibu hilo ndani ya gari mpaka tukalijua wote. Hakuuliza. Alitukumbatia mmoja mmoja, akauliza habari ya baridi, akauliza kama mwalimu mstaafu ameongeza kodi. Njia nzima mpaka Jamhuri hakuuliza, na mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alinong'ona kwamba Mungu amemfunga mdomo kutusaidia.

Chakula kilikuwa ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji, na mboga ya mrenda. Viti vilikuwa vingi kuliko wageni, na kila mtu alijifanya havioni. Tulimketisha Minayo mezani, mbele ya Mjomba, mimi kando yake, na mchungaji dirishani. Sisi tulidonoa. Yeye alikula. Alimega ugali vitonge vidogo vidogo, akavibonyeza kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya mama yake, akachovya, akatafuna mpaka mwisho. Alimaliza paja, akaomba shingo. Alimaliza shingo, akafyonza mifupa mmoja baada ya mwingine na kuipanga ukingoni mwa sahani. Aliomba mchuzi tena. Alisifu chumvi. Alimuuliza mama aliyepika ni kuku wa wapi, akangoja jibu lote, na lilikuwa refu. Mchungaji alitazama saa mara tatu. Chini ya meza niliuona mguu wa Mjomba ukigonga sakafu. Ilipita zaidi ya saa moja, na mimi, nitasema kama ilivyokuwa, nilimkasirikia. Nilifikiri, mwenzetu ametoka Ulaya na ulafi. Nilitaka amalize ili nasi tumalize.

Hatimaye sahani ikawa mifupa mitupu. Akanawa, kidole kimoja kimoja, akafuta mikono, akaiweka mezani na kumtazama Mjomba. Mjomba akakohoa, akamwambia. Minayo akasema, "Sawa, Mjomba." Hakupiga kelele. Akina mama walipiga kelele kwa niaba yake, na jikoni baadaye nikawasikia wakisema kwamba nchi ya wazungu imemkausha. Alipofungua begi kulikuwa na sweta ya Mjomba, kalamu za watoto wa kanisani, na kitambaa changu cha kichwa. Viatu havikuwamo. Nilidhani alisahau, na nikamhukumu kwa hilo pia.

Tulimzika Mama kwao Vihiga wiki hiyo. Msomaji wa wasifu wa marehemu alipofika kwenye tarehe ya kufariki, akaitamka kwa sauti, Jumanne ya tarehe fulani, nikahesabu siku kwa vidole. Barua yangu ilikuwa ya Jumamosi iliyofuata. Sisi wote tulikuwa tumepanga uongo wetu vizuri na hakuna aliyekumbuka kwamba barua pepe huwa na tarehe. Niliinua macho, na ng'ambo ya kaburi Minayo alikuwa akinitazama. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kisha akainama kuchukua udongo.

Hatukuwahi kulisema. Tuliendelea kukaa chumba kimoja miezi mingine saba, tukapika kwa stovu moja, tukaazimana nguo, na jambo lile likakaa katikati ya vitanda viwili. Alimaliza chuo akapangiwa shule Vihiga, nami nikahamia upande huu wa mji. Mwanzoni tuliandikiana, baadaye tukawa watu wa salamu za Krismasi. Mimi ndiye niliyeacha, si yeye. Nilikuwa na hakika kwamba nilimwibia mwaka, na kwamba mwaka ule ulikuwa mlango wa maisha mengine ambayo hakuyapata. Kila niliposikia mtu amekwenda kusoma nje nilihesabu Minayo angekuwa wapi. Si kitu cha kujisifu, kumkwepa mtu uliyemkosea kwa sababu ulimkosea, lakini ndivyo nilivyofanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hiyo jioni ile ya maombi ya Mjomba Zakayo niliingia sebuleni nikiwa na hofu zaidi ya msiba. Viti ni vingine sasa, meza ni ile ile. Minayo alikuwa amekaa pale pale alipoketi siku ile, mwalimu mkuu sasa, miwani, nywele zimeingia mvi mbele. Alinigongea kiti kando yake. Chakula kiligawiwa kabla ya maombi, kama alivyotaka mwenye nyumba enzi zake, na tulipokuwa katikati ya kula niliona kwamba nisiposema hapo sitasema kamwe.

"Ile barua ya mwisho ya Mama," nikamwambia, "ni mimi niliandika."

"Najua."

Nikamwambia nilijua kwamba anajua, niliona siku ya mazishi, tarehe iliposomwa. Akatikisa kichwa kukataa. Alisema alijua akiwa bado Ujerumani, Jumamosi ile ile, amesimama kwenye kompyuta ya maktaba. Alisoma mbwa akacheka. Alisoma mwiko akacheka mpaka mtu wa pembeni akamgeukia, akasema moyoni, leo Njoki amemwacha Mama aongee. Kisha akafika mwisho.

"Unakumbuka pale geti, Lavington? Alinishika mkono akaniambia, hata wakikuambia mimi ni mgonjwa, maliza kile umeendea. Nikaapa. Sasa Mama huyo ndiye aniambie nirudi ati anataka kuniona?" Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa leso. "Nilijua hayuko."

Aliniambia kwamba alinunua kadi ya simu, akasimama kwenye kibanda, akaondoka bila kupiga. Viatu alikuwa ameshavilipia. Alimwachia Bibi Gerda, vikamtosha. Nikamuuliza swali nililolibeba, kama nilimwibia mwaka wake. Nilitarajia aseme hapana, watu wa umri wetu husema hapana ili walale vizuri.

"Hiyo mwaka niliitaka, Njoki. Sitakuficha. Kuna siku bado naitaka." Alimega ugali, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Lakini hata ungeandika nikae, ningekuja. Nani angemzika?"

Nikamuuliza jambo ambalo halikuwa na maana tena, kwamba kama alijua kila kitu, aliwezaje kukaa mezani hapa akala vile, akaomba shingo, akaomba mchuzi, sisi wote tukimtazama. Alicheka kidogo, akatazama mahali Mjomba alipokuwa akiketi.

"Sheria ya Mjomba naijua tangu nikiwa mdogo. Nilijua sahani ikiisha mtaniambia," alisema. "Kwa hivyo nilikula polepole."

Mchungaji aliomba watu wajiandae kwa maombi, na mama mmoja wa kanisani akaanza kuzunguka akikusanya vyombo. Alichukua changu, akanyoosha mkono kwa sahani ya Minayo, iliyokuwa na kipande kidogo cha ugali na mchuzi uliokwisha kuganda. Nikamshika mkono. Nikamwambia aiache hiyo, bado anakula.